Tende Mbili na Ovari Moja

Kazi yangu ni kukata nyama za watu. Nakata kwa maikrotomu, vipande vya unene wa maikroni 4, baada ya nyama kulala kwenye fomalini, kuondolewa maji kwa spiriti na kugandishwa ndani ya nta. Kipande kinaelea kwenye maji ya uvuguvugu, nakiokota kwa kioo, nakitia rangi mbili, ya zambarau na ya waridi, kisha kinakwenda kwa daktari wa patholojia. Yeye ndiye anayesoma na ndiye anayetia saini. Lakini fundi naye ana macho, na mezani pangu kuna hadubini ya kuhakikisha rangi imeshika. Kiungo ninachokitazama kupita haja ya kazi ni ovari.

Zinatufikia nyingi, kwa sababu wanawake wengi hapa Dar es Salaam hutolewa mji wa mimba kwa uvimbe au kwa saratani, na mara nyingine ovari huondoka nao. Ya msichana uso wake ni laini. Ya mama wa miaka 50 imekunjamana, ina matuta na mabonde, na ukiipasua unakuta makovu meupe. Skuli tulifundishwa kwamba ovari ni ghala la mayai. Ninachokiona mimi zaidi ni mabaki ya yaliyokufa.

Hesabu yenyewe inatisha. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mimba ya miezi mitano hivi, ovari zake mbili zina seli za mayai zinazokaribia milioni 7. Mtafiti T. G. Baker alichapisha hesabu hiyo mwaka 1963, na aliipata kwa kutazama vipande kama hivi ninavyokata. Mtoto akizaliwa zimebaki milioni 1 au 2. Akivunja ungo, 300,000 au 400,000. Katika umri wake wote wa kupata hedhi, mayai yatakayotoka kwenda kuisubiri mbegu ya kiume hayafiki 500. Hedhi inapokoma hubaki kama 1,000 ya mwisho, nayo hayatoki. Mengine yote hufia humohumo yalimoumbwa. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea kabla mwenye ovari hajavuta pumzi ya kwanza.

Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na baba yangu ni mwalimu wa chuo. Wanafunzi humwita Maalim, na sisi wanawe tukiwa mbele yake chuoni tulimwita hivyohivyo. Ubaba alirudi nao nyumbani baada ya sala ya alasiri. Kabla ya kitabu kingine chochote alitusomesha sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, kwa sauti ya pamoja, mpaka zikakaa ulimini. Ya tano ndiyo iliyonikwama: Kiyamuhu Binafsihi, kwamba Yeye peke yake anasimama kwa nafsi yake, na kila kisichokuwa Yeye ni mhitaji. Mhitaji wa kuumbwa, hilo nililikubali. Baba akaongeza: na mhitaji wa kubaki. Kitu kilichoumbwa hakina nguvu yake mwenyewe ya kuwepo dakika inayofuata. Hayo ni maneno ya wanatauhidi wa Ash'ari, na Waislamu wengi wa mwambao wamelelewa ndani yake bila kulijua jina hilo. Nikamwambia: Maalim, ukuta huu fundi aliujenga akaenda zake, mbona umesimama? Akasema nimelijibu swali kabla ya kuliuliza. Sikumwelewa, wala sikumwamini. Nilibaki na dini yangu ya siri, dini ya ukuta: kuwepo ndiyo hali ya kawaida, kutoweka ndiko kunakohitaji maelezo.

Dini hiyo ilikuja kubomolewa na biolojia. Mwaka 1992 Martin Raff, mtafiti wa London, alitoa hoja katika jarida la Nature kwamba karibu kila seli ya mwili wa mnyama kama sisi imebeba ndani yake zana za kujiua, na zana hizo ziko tayari wakati wote. Kinachozizuia ni ujumbe unaotoka kwa seli nyingine. Ujumbe ukikatika, seli inakufa: haijaugua, haijajeruhiwa, haijakosa.

Katika ovari ujumbe huo ni homoni. Kila yai limefungwa ndani ya kifuko chake, ukuta wa kifuko umejengwa kwa seli, na seli hizo, kifuko kikishakua kiasi, zinaishi kwa kutegemea homoni ya kuchochea vifuko, ambayo hospitalini kila mtu huiita FSH. Miaka ya 1990 maabara ya Aaron Hsueh huko Stanford ilivitoa vifuko vya panya na kuvilea kwenye chombo. Vilipokosa homoni, ndani ya saa 24 seli zake zilianza kujiua. Vilipotiwa FSH, nyingi zilinusurika. Hakuna aliyevitia sumu vile vya kwanza. Havikuambiwa viishi, basi.

Kifo cha namna hii nakijua kwa sura. Seli inajikunja, kiini chake kinakolea zambarau hadi kuwa kama nukta ya wino, kinakatika vipande, na jirani anavimeza. Hakuna usaha wala uvimbe, na damu haikimbilii pale. Watafiti Kerr, Wyllie na Currie walikieleza kwa kina mwaka 1972 na kukipa jina la apoptosisi, na tangu hapo wanafunzi wa patholojia wanafundishwa kukitenganisha na kile kifo kingine, cha kuungua na kupigwa na kuoza, ambacho huacha fujo nyuma yake. Nikiona kifuko chenye nukta zile ukutani najua kimekosa mwito. Nikirudi kwa kisu wiki ijayo, katika ovari ya mtu mwingine, nakuta kingine kilichotangulia: kovu dogo, ute wa waridi, hakuna yai.

Sasa nijihadhari, kwa sababu hapa ndipo wahubiri wetu wengi wanapoteleza. Tangu daktari Mfaransa Maurice Bucaille achapishe kitabu chake mwaka 1976, kumekuwa na mihadhara mingi ya kuonyesha kwamba kila kinachogunduliwa maabara kilikwisha kusemwa msahafuni. Ningeweza kupanda mimbari ya akina mama nikasema: mnaona, Raff amethibitisha sifa ya tano! Hajathibitisha. FSH inatengenezwa na seli za tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na inabebwa na damu. Nayo ni kiumbe. Seli kuokolewa na seli nyingine hakuonyeshi kwamba zote mbili zinashikiliwa na Muumba. Baba mwenyewe angeikataa hoja hiyo kwa haraka kuliko mimi, kwa sababu yeye ni mtu wa Ghazali, mwanatauhidi wa Ash'ari. Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alisema tunachokiona ni pamba kuungua inapokutana na moto. Kwamba moto ndio unaounguza hatujakuona. Ibn Rushd, mwanafalsafa, akamjibu kwamba anayeondoa sababu ameiondoa na akili. Mimi kwa kazi yangu niko na Ibn Rushd. Nisingeweza kutia rangi hata kioo kimoja kama sitegemei kwamba hematoksilini itashika viini leo kama ilivyoshika jana.

Kwa hiyo sikupata ushahidi. Nilichopata ni kupokonywa pingamizi. Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta ule, na ukuta haupo tena. Katika mwili wangu mwenyewe, kubaki si hali ya kawaida. Kubaki ni jambo linalotendwa, kila saa, na kitu kingine. Baba bado hajanishinda, ila siwezi tena kumcheka.

Lakini kilichonikalia zaidi ni sifa ya nane, Irada.

Tuliisoma hivi: Irada ndiyo inayokihusisha kitu na jambo moja kati ya mambo yanayowezekana, kiwe wakati huu badala ya ule, hapa badala ya pale, kiwepo badala ya kutokuwepo. Ghazali ana mfano wake maarufu. Mtu mwenye njaa kawekewa tende mbili zinazolingana kwa kila hali, ukubwa, rangi, utamu, umbali kutoka mkononi, na hawezi kuchukua zote. Je, atakufa njaa akisubiri sababu ya kuipendelea mojawapo? Hatakufa. Atachukua moja. Basi kuna nguvu, anasema Ghazali, ambayo kazi yake ni kutofautisha vilivyo sawa, na hiyo ndiyo irada.

Nenda na tende hizo kwenye ovari. Mzunguko mmoja unapokwisha na mwingine kuanza, FSH inapanda. Inavikuta vifuko kadhaa vyenye upana wa milimita 2 hadi 5, vilivyofika umri wa kuihitaji. Havikuanza safari jana. Tangu vilipoamka imepita miezi mingi, na hatua za mwanzo vilizipita bila kuitegemea FSH. Sasa vimefika mahali ambapo bila hiyo ni kifo. Vingine vilivyofika mahali hapohapo wiki mbili kabla, FSH ikiwa chini, vyote vimekufa, na havikuwa dhaifu. Vilifika siku siyo.

Kwa siku chache vinakua pamoja. Kisha kimoja kinatangulia, kwa tofauti ndogo tu. Kikikaribia milimita 10 kinamwaga estrojeni na inhibini kwa wingi, homoni hizo zinapanda na damu hadi pituitari, na pituitari inapunguza FSH. Vifuko vingine vinaishiwa na kuanza kujiua. Kile kilichotangulia kinapona, kwa sababu kimekwisha kuota vipokezi vya homoni nyingine, LH, na mishipa yake ya damu imestawi. Yaani kimewaondolea wenzake riziki ambayo chenyewe kimeanza kujitosheleza bila hiyo. Mama akishavuka miaka 35 FSH yake aghalabu huwa juu kidogo, na hapo huenda vikapona viwili; ni sababu mojawapo ya mapacha wasiofanana kuwa wengi zaidi kwa mama wa umri huo.

Mtu anaweza kusema hapa hakuna tende zinazolingana: kimoja kilikuwa mbele kwa sehemu ya milimita, na sayansi imekwisha kazi. Sikubali kwamba imekwisha. Sehemu hiyo ya milimita haijaonyeshwa kuwa kipimo cha ubora wa yai lililomo ndani. Hakuna mtihani wa ubora uliofanyika. FSH haitazami chembe za urithi zilizomo ndani. Kilichoamua ni kufika.

Jibu la Ibn Rushd kuhusu tende, ambalo wapenzi wa Ghazali hawalitaji sana, linanielea hapa kuliko mahali pengine popote. Alisema mwenye njaa hachagui kati ya tende hii na ile. Anachagua kati ya kula na kutokula. Akinyoosha mkono na kushika yoyote, makusudio yake yametimia. Ovari nayo iko hivyo. Mwili haukukitaka kifuko hiki, ulitaka kimoja.

Nilimweleza baba haya kwa simu, kwa fahari kidogo, nikidhani safari hii nimembana. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa mwenye njaa, mwanangu, tende ni tende. Iulize tende."

Sijapata jibu la hilo, kwa sababu mimi ni tende. Na wewe unayesoma ni tende. Kwa mwili wa mama yangu ilikuwa sawa tu kitoke kipi mwezi ule. Kwangu ndiyo tofauti kati ya kuwepo na kutokuwepo kabisa. Ibn Rushd anaeleza kitendo vizuri kuliko Ghazali, ila anakieleza kutoka upande wa anayekula.

Liwalo na liwe katika ugomvi wa wakubwa hawa wawili, kuna jambo moja linatoka hapa ambalo nalisema bila kigugumizi. Aliyepona hakupona kwa ubora wake. Katika nyumba zetu za pwani mwanamke aliyezaa saba hukaa mbele shughulini, na asiyezaa husemwa jikoni, kwamba ana nuksi, kwamba alikunywa vidonge alipokuwa msichana, kwamba kuna dhambi aliificha. Sura ya Ash-Shura inataja wanaopewa wa kike, wanaopewa wa kiume, wanaopewa wote wawili na wanaojaaliwa ugumba, na haisemi popote pale kuwa mmoja wao amelipwa na mwingine ameadhibiwa. Hadubini nayo haisemi. Wanaosema ni watu.

Tuje kwenye milioni 7. Aristotle alishikilia kwamba maumbile hayafanyi kitu bure, na dini nyingi zimeikumbatia kauli hiyo. Basi mayai yote yale ya nini? Wenzangu kazini wana majibu ya haraka: ni akiba, ni kuhakikisha. Lakini akiba ya nani ambayo nyingi yake huteketea kabla mwenye nayo hajazaliwa? Kwa panya kuna jibu zuri zaidi. Mwaka 2016 watafiti Lei na Spradling walionyesha kwamba seli za mayai za kijusi cha panya hukaa kwa vikundi vilivyoungana, na zile zinazokufa huwa zimekwisha kuhamishia mali yao, viungo vidogo vya ndani ya seli, kwa ndugu anayebaki. Anayebaki anakuwa yai kwa sababu amerithishwa. Nililipenda jibu hili mno, na kwa kuwa nililipenda mno nikaanza kulishuku. Linafuta baadhi ya hasara za kijusi. Halifuti vile vifuko vya kila mwezi, ambavyo hufa vikiwa na kila kitu chao.

Nimeishia kufikiri kwamba neno "bure" linahitaji mdai. Sura ya Al-Muuminun inasimulia mwanzoni hatua za mtoto tumboni, na karibu na mwisho wake inauliza kama mlidhani mmeumbwa bure. Anayeulizwa ni mtu. Ghazali huyohuyo, katika kitabu chake Ihya, alipozungumzia mume kumwaga nje, alipanga ngazi: ngazi ya kwanza ya kuwepo ni tone kuangukia ndani ya mji wa mimba na kuchanganyika na maji ya mwanamke, likawa tayari kupokea uhai. Kuliharibu hapo ni kosa, na kosa linakua kadiri ngazi zinavyopanda. Kabla ya kuchanganyika hakuna aliyedhulumiwa. Kwa hesabu hii yai lililokufa ndani ya kifuko halina kesi. Naikubali hukumu hiyo na bado haijanitosha, kwa sababu kuna mdai mwingine ambaye Ghazali hakumwita: mwanamke mwenye ovari.

Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 38. Hutokea, karibu mwanamke mmoja katika kila 100 hukoma kabla ya 40. Nina mtoto mmoja wa kiume, nilikuwa nataka wa pili. Kipimo cha damu kilionyesha FSH iko juu sana, na daktari kijana aliyenisomea majibu alidhani hilo litanifariji: homoni unazo, mama, tena nyingi. Hakujua anazungumza na fundi wa slaidi. FSH inapanda kwa sababu hakuna kifuko cha kuijibu. Estrojeni na inhibini hazirudi kuiambia pituitari kwamba imesikika, basi pituitari inazidisha. Miaka yote yale mayai yalikufa kwa kukosa mwito, na sasa mwito umejaa mwilini na wa kuitwa wamekwisha. Wifi yangu aliniambia Mungu hakupenda. Nilimwitikia kwa heshima. Lakini hicho ndicho kitu nisichokitaka kusikia kutoka kwa mtu yeyote anayeweza kuzaa. Nilichoandika juu kuhusu kufa kutohitaji sababu nakiamini, na kwa mtu aliyepoteza hakina faraja hata chembe. Asikitumie mtu msibani.

Kuna hali nyingine iliyogunduliwa Finland na kuchapishwa mwaka 1995: wanawake ambao FSH wanayo kwa wingi na vifuko wanavyo, ila kipokezi cha FSH kimeharibika kwa kasoro ya urithi. Vifuko vipo, havisikii, havikui. Nilimsimulia baba, naye mara moja akaingia kwenye hidaya, kwamba ujumbe umewafikia wote na wenye masikio ndio wanaosikia. Nilimkatiza. Kifuko kisichosikia hakina kiburi, nikamwambia, tuviache vifuko nje ya hotuba.

Mwito huo unaozidi baada ya hedhi kukoma huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Piero Donini, wa kampuni ya Serono ya Italia, aliona kwamba anayetaka kuikusanya homoni hii atafute mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, wengi, wanaoishi pamoja, ambao kwa hakika hakuna mjamzito kati yao. Wakapatikana: watawa wazee, katika nyumba zao za kitawa Italia. Kampuni ilikuwa na mtu wake karibu na Vatikani, mpwa wa Papa Pius wa 12 aliyekuwa kwenye bodi, na Bruno Lunenfeld, daktari kijana, alikwenda kuieleza bodi hiyo haja ya dawa. Mkojo ukakusanywa kwa magari. Dawa ikaitwa Pergonal, na mwaka 1962, nchini Israeli, alizaliwa mtoto wa kwanza wa mama aliyetibiwa kwayo.

Nilimsimulia muuguzi mmoja mtawa ninayefanya naye kazi. Alicheka mpaka akakaa. "Kumbe masista wa Italia wana wajukuu Tel Aviv!" Mimi kisa hiki sikichoki. Wanawake walioweka nadhiri ya kutozaa, miili yao ikaendelea kuviita vifuko ambavyo havikuwepo tena, na mwito wao ukaenda kuokoa vifuko katika ovari za watu wasiowajua, wa dini nyingine. Baba alitaka kwanza kujua hukumu ya mkojo, kwa kuwa kwa Shafii ni najisi, na tukatumia usiku mzima kwenye suala la dawa na dharura na kitu kubadilika asili. Siku hizi hapana haja ya mjadala huo. FSH nyingi inatengenezwa kiwandani na seli zilizotoka, kwa bahati ya ajabu, kwenye ovari ya buku mdogo wa China. Mtafiti Theodore Puck alizianzisha mwaka 1957, na mpaka leo zinagawanyika ndani ya matangi, vizazi kwa vizazi, zimekataa kufa. Hizo Ghazali angezionea shaka.

Dawa hiyo ndiyo aliyodungwa binti wa dada yangu mwaka juzi. Alinipigia usiku akilia kwamba atamaliza mayai yake yote kwa mwezi mmoja. Nikamweleza kwamba sindano haifungui akiba. Inavikuta vile vifuko vya mwezi huu, ambavyo vyote isipokuwa kimoja vingekufa kabla ya wiki mbili, na kuvipa kile ambacho mwili ulikuwa karibu kuvinyima. "Basi naokoa, mama mdogo?" Unaokoa, nikamwambia. Fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 ilikwisha kuruhusu yai kurutubishwa maabara, maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mke na ndoa ipo. Mwenye njaa safari hii amechukua tende zote.

Alishika mimba. Kiinitete chake kilifanya kazi ambayo hata sisi wa maabara huisimulia kwa mshangao. Kifuko kilichotoa yai hugeuka kuwa tezi ya njano yenye kutengeneza projesteroni, na umri wake ni kama siku 14. Isipopata ujumbe inakufa, hedhi inashuka, na kovu jeupe linabaki, yale ninayoyakuta. Kiinitete kisicho na moyo wala ubongo kinatuma homoni yake, hCG, kuiambia tezi isife, na kwa kuiokoa kinajiokoa. Kipimo cha mkojo ambacho wasichana hununua dukani kinasoma ujumbe huo. Miaka ya 1930 Afrika Kusini waliusoma kwa kumdunga chura mkojo wa mama. Mama akiwa na mimba, chura anataga. Maneno ya mwanadamu wa siku chache, na chura anayaelewa.

Vilibaki viinitete vitatu, vya siku tatu, ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Binti anauliza vina haki gani, na swali hili nililipeleka kwa baba kwa sababu linavuruga kila nilichokisema. Kwa Ghazali masharti ni mawili, kuchanganyika na kuwa ndani ya mji wa mimba. Hivi vimechanganyika, na viko kwenye tangi. Baba alielekea kusema sharti la pili halijatimia, kwa hiyo hakuna jinai. Nikamwambia kuna la zaidi: Raff na wenzake walipotafuta seli zinazoweza kuishi bila kuambiwa na yeyote, walizikuta chache mno, na miongoni mwake ni seli za kiinitete cha siku za mwanzo kabisa. Haya basi, hizi hazisubiri mwito.

"Zinasimama kwa nafsi zake?" akauliza, na nilisikia kwamba amekaa sawa kitini.

Zinasimama kwa naitrojeni, Baba, na naitrojeni hupungua, kuna kijana analipwa mshahara kuiongeza, na mshahara unatoka kwenye ada anayolipa mjukuu wako kila mwaka. Akauliza ada ni kiasi gani. Nikamtajia. Akasema ni ghali, na kwamba mwaka huu atatoa nusu, kwa sababu yeye bado hajamaliza kulisoma suala hili.